Nyama Niliyompokonya Mama Mkwe

Ngoja niwaambie mwenyewe, maana najua mmeshaisikia kwa watu wengine na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake: ndiyo, ni kweli, ni mimi niliyempokonya mama mkwe wangu nyama ikiwa imeshafika mdomoni, mchana kweupe, mbele ya padri na majirani wote. Wale wanaosema nilikuwa nimelewa wananisingizia. Afadhali ningekuwa nimelewa.

Mnajua ninapokaa, ukishapita Kabuga sokoni unashuka na ule mteremko wa migomba. Nafuga kanga (wale ndege wa madoadoa, kelele zao kama bawaba isiyotiwa mafuta) na kondoo wachache. Kanga ndio wanaotulisha, nawapeleka kwenye mahoteli ya mjini. Sasa, mwaka ule akatuingilia bweha. Anapanda kutoka kwenye msitu wa mikaratusi kule bondeni, anachimba chini ya wavu kama fundi aliyelipwa, anaingia bandani, na asubuhi unakuta manyoya tu yamesambaa utadhani mtu amepasua mto. Nikaziba shimo, akachimba jingine. Nikawasha taa bandani, akawa anakula kwa taa.

Mke wangu, Mama Keza, akasema tujenge. Tuweke mawe chini ya wavu, tuzibe na juu, kondoo walale ndani kabla jua halijazama. Mimi nikaona hiyo ni kazi ya mwezi mzima, na kuna jamaa mmoja sokoni alikuwa ameniambia habari ya dawa, unaipaka kwenye nyama, unaiacha njiani, basi, asubuhi unamkuta bweha amelala. Nilipomgusia mke wangu aliacha kukunja nguo, akaniangalia.

"Sumu haina macho, Baba Keza. Itamjuaje bweha ni nani na mtoto ni nani? Tena imekatazwa. Sitaki kuiona hapa kwangu."

Nikasema sawa. Na nikainunua. Nikaificha mfukoni mwa koti langu la zamani, lile la baridi, na kwa kweli labda ingeozea humo humo, ila Jumamosi, kesho yake Keza wetu akiwa anapokea komunio ya kwanza, bweha akamchukua mwanakondoo. Siyo kanga, mwanakondoo, aliyekuwa bado anayumba akitembea. Nilimsikia mama yake akilia siku nzima na nikasema moyoni, huyu mwizi nitamwonyesha.

Jumapili asubuhi Mama Keza akatangulia kanisani na mtoto. Nyumba tupu. Mbuzi wa sherehe alikuwa ameshachinjwa, nyama imekatwa, iko stoo kwenye beseni kubwa. Nikachukua vipande vichache, nikavitia kwenye bakuli, nikavipaka ile dawa, nikasema nishuke haraka nikaviweke kule chini ya shamba kisha niende misa. Nimeshika bakuli hivi, nasikia geti. Shemeji yangu Fabrice huyo, mdogo wake mke wangu, amewahi kuja na makaa na jiko la kuchomea (mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuwahi popote!). Nikarudi stoo mbio, nikalipandisha bakuli juu ya rafu, nikalifunika kwa sahani, nikatoka natabasamu.

Dakika chache tu, nilijiambia. Akigeuka tu nalichukua.

Hakugeuka. Ikabidi twende kanisani pamoja. Misa ikaisha, mke wangu akarudi nyumbani kwanza kuandaa, mimi nikabaki kumsubiri padri na kubeba viti vya kukodi, na nilipofika nyumbani hema limeshasimama, wageni wameshaanza kuingia, mama mkwe ameshawasili kutoka Kinyinya na kitenge chake kipya, na huku mtu ananishika mkono, huku mtu anataka tupige picha. Mama Keza mwenyewe sikumwona. Wakasema amepanda moto (bodaboda zetu) kwenda sokoni kuchukua keki. Lile bakuli likawa limenitoka kichwani kabisa. Nawaambia ukweli, kabisa.

Ilinirudia nilipoingia stoo kuchukua kreti ya soda. Niliinua macho kwenye rafu. Hakuna sahani. Hakuna bakuli.

 Nikapapasa rafu kama kipofu, nikasogeza magunia ya chakula cha kanga, nikapiga magoti nikaangalia chini. Lile beseni kubwa nalo tupu. Nikatoka nje, najilazimisha kutembea, maana mwenye sherehe hakimbii, mpaka kwa Fabrice kwenye jiko. Alikuwa amejaza mishikaki (burusheti, kama tunavyosema hapa) na moshi wake mtamu unaenda moja kwa moja hemani.

"Fabrice, hii nyama umeitoa wapi?"

"Kwa stoo, shemeji."

"Ile ya kwenye beseni?"

"Nimechukua yote ilikuwa huko. Yote. Na bado haitatosha, watu iko wengi."

Yote. Jamani, neno hilo.

Simu ilikuwa mfukoni. Kumpigia mke wangu tu, nikamuuliza kama ameliona bakuli, kungemaliza kila kitu. Lakini nimuulize bakuli gani? Lenye nini? Ndiyo nikachagua njia ya wapumbavu: nitaondoa nyama yote bila mtu kujua kwa nini.

Nikamwambia Fabrice nyama haijaiva, aizuie. Akacheka, akanionyesha ilivyokauka. Nikamwambia nasikia harufu, mbuzi ameharibika. Akainusa, akanipa na mimi niinuse, akaita na mwingine aje ainuse. Wakakubaliana kwamba mbuzi mzima kabisa. Basi nikajifanya nimejikwaa. Nikalisukuma lile jiko kwa nyonga, likaenda chini na makaa na mishikaki na kila kitu, Fabrice akaruka kama ngedere, na nikasikia nyuma yangu mwanamke mmoja anasema, "Mana yanjye, Baba Keza ameanza pombe asubuhi!" Wakacheka. Na mimi nikacheka, huku jasho linanitiririka, nikasema moyoni angalau imekwisha.

Fabrice anakung'uta viatu vyake. Anasema, "Bahati wakubwa tumeshawapelekea yao."

Niligeuka. Kule mbele ya hema, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, sinia lilikuwa limeshatua. Padri anatafuna, anaongea na mkuu wa mudugudu (kijiji chetu), naye anatafuna. Na mama mkwe wangu, mwanamke aliyenipa binti yake, ambaye tangu siku ya posa sijawahi hata kupitisha mkono mbele ya sahani yake, ameinua mshikaki, amefungua mdomo.

Sikumbuki nilivyoruka viti. Nakumbuka mkono wangu umeshika ile nyama na yeye ameikamata kwa meno, na kwa sekunde moja tulivutana, mimi na mama mkwe, kama mbwa wawili, halafu ikachomoka na ukelele wa kitu kama "hii!" ukapita hemani. Muziki ukazimwa. Yeye akajifuta mdomo na kitenge, polepole, akasema kwa ule upole wake wa kukulia Bujumbura:

"Mkwe wangu, kama nyama ni kidogo ungeniambia. Nisingekula."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mkuu wa mudugudu alikuwa anaendelea kutafuna, na watoto wamesimama pembeni na mishikaki mikononi, na hapo ndipo sauti ilinitoka, tena kubwa, sikujua ninayo:

"Msile! Nyama ina sumu! Temeni, temeni wote!"

"Nani ameitia sumu?" aliuliza padri. Na kwa kuwa ulimi wangu haukuweza kusema uongo mwingine siku hiyo, nikajibu, "Ni mimi, Padri."

Mnaona lilivyokaa hilo jibu? Watu wakanitazama kama mtu aliyetaka kuwaua. Nikaanza kueleza habari ya bweha, ya kanga, ya mwanakondoo, lakini nani anasikiliza, viti vinaanguka, huyu anatema kwenye maua, yule anatia kidole kooni, mwingine anapiga kelele leteni maziwa. Aliyetuokoa ni Solange, jirani yetu, ambaye ni muuguzi. Alipanda juu ya kiti na viatu vyake.

"Hakuna kujitapisha! Hakuna maziwa! Waliokula wakae hapa, wenye magari wawashe. Baba Keza, paketi ya hiyo dawa iko wapi? Hospitali watataka kuiona."

Paketi! Nikakimbia ndani, nikalishika lile koti, nikaingiza mkono mfukoni. Mfuko mtupu. Nikageuza wa pili. Mtupu. Nikasimama pale chumbani na koti mkononi na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba watu wanaweza kufa leo kwa sababu yangu, siyo maneno, kufa.

Nilipogeuka, Keza alikuwa mlangoni. Gauni lake jeupe, taji lake la maua limeinamia sikio moja.

"Papa, mimi nilikula mbili," akasema. "Na mimi nitakufa?"

Nilimbeba. Mtoto mkubwa yule, miguu inaning'inia mpaka magotini kwangu, nikakimbia naye nje, nikimwambia hapana, hapana, hapana, na sasa ndiyo nampigia mama yake, napiga, inaita, haipokelewi, napiga tena. Solange ananiuliza paketi, namjibu kwa kichwa tu kwamba sina. Fabrice anageuza gari getini. Mama mkwe ameshika rozari.

Na ndiyo moto ikaingia. Nyuma yake Mama Keza, keki mapajani ameikumbatia kwa mikono miwili (ndiyo maana simu haikupokelewa), akashuka, akatazama viti vilivyopinduka, padri anasukutua mdomo kwa Fanta, mimi na mtoto kifuani.

"Kuna nini?"

 Wote walinitazama mimi.

"Bakuli," nikasema. "Lililokuwa stoo. Juu."

Akaiweka keki mezani kwanza. Hata leo najiuliza alipata wapi subira hiyo.

"Lile nililitoa nilipotoka misa, kabla Fabrice hajagusa nyama," akasema. "Nilinusa nikajua. Nimelifukia na paketi yake niliyoikuta kwenye koti lako, nyuma ya migomba, shimo refu, nimeweka na jiwe juu. Nilitaka wageni waondoke ndipo tuongee."

Solange akamfuata mpaka kwenye lile jiwe, akahakikisha, akarudi akasema hakuna aliyekula sumu. Watu wakashusha pumzi, wengine wakaanza kulia, na mimi nikakaa chini kwenye udongo na suti yangu na Keza bado shingoni. Nilitegemea mke wangu anitukane. Alinipita tu, akaenda kumwomba mama yake msamaha kwa niaba yangu, na hilo liliniuma kuliko tusi lolote. Wageni waliaga mmoja mmoja, kwa heshima, na njaa. Keki tuliikata sisi wenyewe.

Mkuu wa mudugudu hakuniachia. Sumu iliyobaki ilichukuliwa na wanaohusika, na kwenye umuganda uliofuata (ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi), kazi ilipoisha na watu wamekaa kwa mkutano, alinisimamisha nisimulie mwenyewe kila kitu, tangu bweha mpaka mama mkwe, ili wengine wajifunze. Walijifunza sana. Walicheka mpaka wakashikilia majembe wasianguke. Habari ilifika hadi Sonatubes, kule mjini, kuna dereva wa moto pale siku moja alikataa kukubali kwamba siyo mimi.

Banda tulilijenga, mawe chini, wavu juu, mke wangu anashika kamba na mimi nachimba, wiki ya kwanza bila kuongea. Bweha bado yupo. Jioni tunamsikia akilia kule kwenye mikaratusi, na mimi nimeapa, mbele ya msalaba na mbele ya Mama Keza, kwamba akiwamaliza kanga wote nitalima viazi, lakini sumu haitaingia tena kwangu.

Mama mkwe alinisamehe. Alikuja Pasaka. Mnajua ile desturi yetu ya kusogongera, mwenye nyumba anaonja kinywaji kwanza ili mgeni ajue ni salama. Siku hizi wengi wameiacha. Mezani nilimpakulia mwenyewe, kwa mikono miwili, wali na nyama. Akaiangalia ile sahani, akaisogeza taratibu mpaka mbele yangu, akakunja mikono.

"Anza wewe, mkwe wangu."

Nikala, yeye ananitazama. Nilipomeza, akavuta sahani yake, akasema Bwana asifiwe, akaanza kula.