Mkono Uliotoa Sumu

Ipo siku moja nisiyoisahau, mdogo wangu, lakini kabla yake kulikuwa na wiki nzima ya kugeukageuka kitandani. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: je, naweza kumkana mama yangu mbele ya kamera, halafu jioni nirudi nyumbani Nyanga nile ndizi alizopika yeye?

Sina mvi za kunipa haki ya kutoa nasaha. Nasaha hizi nimeziazima kwa mwenye mvi, na nitakueleza nilivyozipata.

Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani nasubiri ajira. Vijana waliokuwa wakitengeneza filamu Muleba wakanipa nafasi ya binti msomi. Binti huyo anakutana sokoni na mama yake, muuza ndizi, akiwa na marafiki zake wa mjini. Marafiki wanamuuliza huyu ni nani, naye anajibu, "Ni mama mmoja aliyekuwa anatufulia." Sentensi moja tu, kisha anaondoka.

Sasa, mama yangu mimi anauza ndizi soko la Bukoba. Kichwani mwangu niliwaona wenzake wakiitazama filamu hiyo kwenye simu, kisha wakimtazama yeye kwa pembeni. Niliwaona watu wa usaili wakinong'onezana nikiingia. Nilimwona hata mchumba ambaye bado sijampata akighairi. Mwongozaji alitaka jibu Jumamosi. Ijumaa asubuhi nikapanda gari kwenda Izigo kumwona Ma Leokadia.

Huenda wewe humjui. Sisi tuliokua tukitazama filamu kwenye vibanda vya video, tumebanana kwenye mabenchi, yeye kwetu ni kama shangazi wa kila nyumba. Katika filamu moja alikuwa mkuu wa shule mwenye fimbo asiyoitumia; akitazama tu, wewe mtazamaji unakaa vizuri. Alikuwa bibi aliyenunuliwa simu akawa anaificha ndani ya mtungi ili sauti za watu zisitoroke, na tulicheka mpaka mwenye kibanda akatishia kuzima. Na alikuwa mama anayemenya ndizi wakati anapoletewa habari kwamba mwanawe amezama ziwani. Halii. Anamaliza ile aliyoshika, anachukua nyingine, na nyingine, mpaka unatambua kwamba anamenya za watu wengi, anaandaa chakula cha msiba wa mtoto wake mwenyewe. Sijaona tena mwigizaji wa kuniliza hivyo huku macho yake yeye makavu.

Halafu kuna ile ya sumu. Humo alikuwa mke mkubwa anayempa mtoto wa mke mwenzake kikombe cha uji. Kabla ya kumpa, anaufuta mdomo wa kikombe kwa pindo la kanga, kama mama yeyote anayejali usafi. Mimi kule kufuta ndiko kulikonitisha kuliko sumu yenyewe. Watu walikuwa wakisema hao ni watu wanne tofauti wanaofanana sura.

Nilimkuta anaanika kahawa. Nikapiga magoti nikamsalimia kwa Kihaya, akanikaribisha ndani, akaniletea kikapu kidogo cha akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa atafune kwanza ndipo aulizwe shida yake. Nikachukua mbili. Nikaanzia mbali.

"Ma, katika yote uliyoigiza, mimi naona kubwa kuliko zote ni ile ya kumenya ndizi."

"Umepanda gari kutoka Nyanga kuja kuniambia hivyo?"

"Hapana, Ma. Yaani ndiyo. Lakini pia..."

"Waitu! Chuo kizima, na mtoto hajachagua kati ya ndiyo na hapana." Akacheka, akavuta kigoda karibu. "Haya, tema."

Nikamweleza yote, soko, marafiki, mama, mpaka yule mchumba asiyekuwapo. Alinisikiliza bila kunikatiza, akichambua punje zilizopasuka kwenye kikapu. Nilipomaliza, akaanza taratibu, kama mtu asiye na kazi nyingine siku hiyo.

"Mwanangu, ile ya kumenya ndizi ilikuwa rahisi. Nani asiyempenda mama aliyefiwa? Kubwa kwangu ni ile ya sumu. Nilikuwa kijana, nimeolewa hapa karibuni, na nilitaka watu wa hapa wanipende. Basi kwenye mazoezi nikawa nampa yule mtoto kikombe huku uso wangu unaomba radhi. Tulikuwa tunafanyia uani kwetu hapa, na mama mkwe wangu amekaa pembeni anachambua maharage. Akaniita. Akasema, 'Unamuua mtoto huku unatutazama sisi, tuone kwamba wewe ni mwema. Ukimwigiza hivyo, mwanamke wa kweli mwenye roho ile atakaa katikati yetu atazame mpaka mwisho, na atarudi kwake akijua hajasemwa yeye.' Nilikasirika, usione nacheka sasa. Lakini kesho yake nikaacha kuomba radhi. Kikombe nikakifuta."

"Kwa hiyo kule kufuta kulitoka kwa mama mkwe?"

"Kulitoka kwenye hasira yangu. Sikiliza. Filamu ikatoka, ikatazamwa. Haikupita muda, jirani akafiwa, nami nikapewa kikapu cha akamwani niwazungushie waombolezaji. Mwanangu, hakuna mkono ulionyooshwa! Huyu anasema meno yanamuuma, huyu ametafuna sasa hivi. Bwana mmoja akasema, 'Mpe kuku kwanza tuone.' Watu wakacheka, msibani!"

Akaninyooshea kikapu kama alivyowanyooshea wao, kisha akakirudisha mapajani.

"Ukafanya nini, Ma?"

"Nifanye nini? Nilisimama kama mgomba. Mama mkwe ndiye aliyenyanyuka kule mwisho, na fimbo yake, akaja mpaka kwangu. Mtu huchukua punje mbili tatu. Yeye alichota kiganja kizima, akajaza mdomo. Shavu limevimba hivi, akawaambia, 'Huyu nimemfundisha mimi kuua. Kama kuna wa kuogopwa hapa, niogopeni mimi. Lete nyingine, mwanangu.' Yule bwana wa kuku ndiye aliyefuata kunyoosha mkono, tena kwa aibu."

Nilicheka, kisha nikajikuta nafuta macho. Ma Leokadia hakunipa nafasi.

"Sasa nikuulize. Kwa nini aliweza kusimama?"

"Kwa sababu alikupenda."

"Alinipenda, ndiyo. Lakini pia alikuwepo tangu mazoezi. Hakuna aliyemshtukiza. Mama yako anajua umepewa nafasi gani?"

Nikatazama mkeka.

"Nilijua," akasema, kwa upole kabisa. "Umewauliza watu wote wanaoishi kichwani mwako isipokuwa yeye."

Jioni ile nilimkuta mama jikoni, anamenya ndizi. Nikakaa chini, nikachukua kisu, nikamweleza yote, hata habari za Ma Leokadia na kikapu chake. Alichouliza kwanza kilikuwa, "Na huyo anayekuwa muuza ndizi, anajua kubeba mkungu? Asije akatuaibisha." Kisha akasema, "Hebu niambie hayo maneno. Niambie mimi."

"Mama, hapana."

"Niambie. Mimi ndiye wa sokoni, wenzako hawa hapa." Akaonyesha masufuria.

Nikasimama. Mara ya kwanza sauti yangu ilitoka nyembamba, inaomba radhi, nikaisikia mwenyewe. Nikarudia. Nikayatazama masufuria kana kwamba ni watu ninaotaka wanipende, nikasema bila hata kugeuza kichwa, "Ni mama mmoja aliyekuwa anatufulia."

Kisu cha mama kikasimama. Nikaogopa kwamba nimevunja kitu kisichoungika.

"Hapo," akasema hatimaye, "hapo nilitaka kukuchapa. Wapo watakaoisikia hiyo na kuwapigia mama zao simu." Akachukua ndizi nyingine. "Jumamosi ya nini? Mpigie huyo mwongozaji sasa hivi, kabla hujaanza kufikiri."

Nikampigia palepale, mikono ikiwa na utomvu. Nikasema ndiyo, bila hapana nyuma yake.

Basi, mdogo wangu, nasaha yenyewe ndiyo hii. Ukipewa nafasi inayokutisha, usimhukumu kwanza mtu unayetakiwa kumwigiza, wala usijipendekeze kwa watazamaji. Mtafute yule unayeogopa kumuumiza, umwambie kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa wengine. Akikuelewa, utakuwa na mtu wa kunyanyuka siku mikono mingine itakapokunjwa. Asipokuelewa, utakuwa umejua mapema, na hilo nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Nakuombea umpate mtu wa namna hiyo, na Mungu akupe ujasiri wa kumwendea.

Tulirekodi sokoni, mchana, watu wamejaa. Mama alifunga biashara yake akaja kusimama nyuma ya kamera na kikapu kidogo cha akamwani mkononi. Nilimkana yule mama mwigizaji mara moja tu, mwongozaji hakuomba turudie. Watu walinikodolea macho, mwanamke mmoja akanisonya. Mama yangu akapenya katikati ya watu, akaninyooshea kikapu mbele yao wote.

Nikachota kiganja kizima.