Vyombo Vyangu vya Kijapani Nilivyoviita Takataka

(Aliyetuletea barua hii ni msomaji wetu wa kike wa hapa Mombasa. Jina lake tunalo, na litabaki kwetu.)

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Mji wa Kale, na nyumba niliyoolewa iko nyuma ya Ndia Kuu. Nina watoto wawili. Yaliyonifika siwezi kumwambia hata ndugu yangu wa tumbo moja, maana mengi nilitendewa, lakini moja nimelitenda mwenyewe.

Marehemu baba alikuwa hamali bandarini, kazi yake kufungua makasha ya vyombo vya kioo kutoka Japani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvijua. "Usidanganywe na rangi, mwanangu. Kipindue, utie kidole chini." Kioo cha kalibu, kilichomiminwa katika umbo la chuma, kina mshono ubavuni kama nguo. Kilichopulizwa kwa pumzi ya fundi hakina mshono, ila kitakoni kina kovu pale kilipokatwa kwenye chuma cha kupulizia, na fundi hodari hulisugua kovu hilo likawa laini kama kitovu cha mtoto. Rangi yake nayo haikupakwa juu. Imelala katikati ya kioo na kioo.

Kidogo kidogo, miaka ikienda, nilikusanya vyombo kumi na kimoja. Vingine nilivipata kwa kubadilishana leso, na kimoja, bakuli la buluu lenye mapovu kama maji yanayochemka, alinipa baba siku nilipoolewa. Nilivipanga katika zidaka za ukutani, nikivifuta kila Ijumaa.

Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, hakunipenda tangu mwanzo. Mbele za watu aliniita "binti hamali". Japani ilipoingia vitani alipata sababu. "Nyumba yangu haikai vyombo vya adui! Tutapekuliwa kwa ajili yako?" Mume wangu alivitia guniani akatoka navyo uani. Mavyaa alinishika mkono nisimfuate, na kila tulipokuwa tukisikia kishindo alikuwa akicheka: "Hicho cha nne. Hicho cha tano, lia tena." Nilipoachiwa, vipande vilikuwa vimekwisha kutupwa. Nilililia lile bakuli kama maiti.

Vita vikaisha. Mwaka huu mume wangu akaoa mke wa pili, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka mtaa wa Kuze. Siku ya saba ya fungate wanawake walialikwa kuja kumtuza bibi harusi, nami mavyaa akaniita. Nilipoingia chumbani mwa bibi harusi, katika nyumba aliyopangiwa, zidakani mlikuwa na vyombo vyangu, vyote kumi na kimoja. Kumbe siku ile uani mume wangu alivunja chupa tupu, vyombo akavificha.

Mavyaa akasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Mwanangu kamletea mkewe vitu vya Ulaya. Si wewe ndiye mjuzi wa vioo? Hebu tuelezee."

Alijua kuwa ninavijua. Alitaka nivisifu kwa mdomo wangu, au nilie watu wanicheke. Bibi harusi mwenyewe hakujua lolote. Alinitolea lile bakuli la buluu kwa mikono miwili, akiona fahari. "Dada, ni cha wapi hiki?"

Nilikipindua. Kidole kikalikuta kovu. Nikasema: "Hiki ni cha kalibu, mwanangu. Takataka za sokoni. Na vile vyote ni hivyo hivyo. Mumeo kakuona wewe ni wa kutuzwa kwa hivi."

Wanawake waliangua kicheko. Shangazi yake yule msichana akajifunika uso kwa buibui. Mavyaa alikauka; hakuweza kunikanusha, maana angeulizwa amejuaje. Mimi nilirudi nyumbani na furaha ambayo leo naionea haya.

Asubuhi yake yule msichana alimwuliza mume wetu kwa nini amemdhalilisha mbele ya jamaa zake. Akapigwa kofi. Naye kwa uchungu akavishusha vyombo, akavipiga sakafuni kimoja baada ya kimoja. Mume wetu, anayeijua thamani ya vyombo vile na asiyeweza kuitaja, alimrudisha kwao siku hiyo hiyo, akisema hana adabu. Kuze nzima sasa inamwita "bibi harusi wa takataka".

Juzi alikuja kwangu kwa siri, jicho limevimba. Alikuwa amelifunga lile bakuli katika leso.

"Hili sikulivunja, dada. Najua ni takataka, lakini nalipenda. Liweke wewe, kwetu watalitupa. Watu wote wamenicheka. Wewe peke yako uliniambia kweli."

Nililipokea, nikalitia sandukuni bila kumwambia kuwa ni langu.

Jumapili wazee wa pande mbili wanakaa kuamua kama yule msichana atapewa talaka. Mavyaa, ambaye hajapata kunijia kwa wema, amekuja kunibembeleza: "Nyamaza tu, mwanangu, mumeo atakurudia peke yako." Nikisema kweli, mume wangu na mama yake watavuliwa nguo mbele ya mji, nami nitaonekana mwongo, na pengine nitaachwa mimi, na watoto wangu watabaki mikononi mwa yule mama. Nikinyamaza, yule mtoto ataachika na jina lile hadi kaburini, naye bado anadhani mimi ndiye mtu mwema kati yetu.

Enyi mnaosoma, msinionee huruma, nipeni rai tu: Jumapili niseme, au ninyamaze?