Mama Springi na Neno Lililoruka

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima ulimwita Mama Springi, maana kwa miaka ishirini na saba kazi yake ilikuwa kufufua makochi. Kochi liliingia karakanani kwake limebonyea kama mdomo wa kibogoyo, na baada ya siku mbili lilitoka limetuna, limenona, mwenyewe anaona haya kulikalia. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mwenye mikono ya chuma na kicheko cha hatari. Kikimshika hakimwachi mpaka kimpe kwikwi, na kwikwi hiyo huweza kumkalia hadi chakula cha mchana.

Jumanne moja asubuhi alikuwa peke yake, misumari midogo sita mdomoni, anavuta mkanda wa kiti cha daktari wa meno. Bintiye, ambaye ndiye aliyeshona vitambaa kwenye cherehani, alikuwa ametoka kununua uzi. Simu ikatetemeka. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, mistari mitatu, na Kiingereza cha Mama Springi kilikuwa cha kuombea maji tu. Alitambua maneno mawili: hoteli, na spring. Mwishoni palikuwa na alama tatu za mshangao, na hizo hazihitaji mkalimani.

"Yarabi!" alisema, akatema misumari kiganjani. "Ukumbi mzima umebonyea!"

Alijua hoteli yenyewe, ile kubwa ya juu kilimani. Mwaka juzi aliwahi kuwatengenezea viti viwili, na tangu hapo alikuwa akiyaota makochi yao arobaini. Akajaza springi gunia zima, akachukua koleo na nyundo, akaita pikipiki. Njia nzima gunia lilicheza mgongoni kwake likilia chwi-chwi-chwi, na dereva akauliza kama mama amebeba kuku.

Dada wa mapokezi, msichana aliyekuwa na wiki mbili tu kazini, alimkimbilia mlangoni. "Afadhali umefika, mama! Meneja amechachamaa. Twende bustanini."

"Bustanini? Makochi mmeyatoa nje?"

"Makochi gani?"

Msichana alikuwa ameshatangulia mbio. Walizunguka nyuma ya jengo, wakapita maua, wakafika kwenye rundo la mawe makubwa lenye kidimbwi mbele yake. Kidimbwi kilikuwa kimebaki tope. Samaki wake wanne walikuwa wamehamishiwa kwenye beseni la kufulia, na walionekana kuudhika.

"Hii hapa," dada wa mapokezi alisema, akionyesha tundu katikati ya mawe. "Springi yetu. Siku ya tatu haitoi kitu."

Mama Springi akaangalia tundu. Akaangalia gunia lake. Akarudi kuangalia tundu.

"Mwanangu, hii ni chemchemi."

"Ndiyo, mama. Kwa Kiingereza ni spring."

"Springi ni hizi!" Akafungua gunia. Springi moja ya kochi, iliyokuwa imebanwa tangu mjini, ikachomoka, ikapita sikioni mwa msichana na kutua kwenye beseni la samaki.

Msichana akashika mdomo. "Na hiyo pia ni spring," alisema kwa sauti ndogo, na hapo akaelewa alichofanya. Meneja alimtuma aite fundi wa chemchemi. Yeye alifungua simu ya ofisi, akaona pameandikwa Fundi Spring, akamshukuru Mungu na kutuma ujumbe. "Nimekwisha, mama. Ataniachisha kazi."

Mtu mwingine angefunga gunia lake na kudai nauli. Mama Springi alitazama yale macho yaliyojaa machozi, akapiga magoti kwenye tope na kuingiza mkono tunduni mpaka begani. Ndani kabisa vidole viligusa kitu kama nywele. Mizizi. Mti wa jirani ulikuwa umeingiza mizizi yake kunywa bure, ikasokotana ikawa kizibo.

Vidole havikuweza kuikamata, basi akachukua springi kubwa, ile ya kitanda, akaikanyaga ncha moja, akaivuta kwa koleo mpaka ikawa waya mrefu wa mizunguko mizunguko. Mwisho wake akaupinda ndoano. Akauingiza huku akiuzungusha, kama mtu anayefunga parafujo, hadi akasikia ndoano imenasa.

"Shika kiuno changu," alimwambia msichana. "Nikisema vuta, usinionee huruma."

Meneja, suti ya kijivu na tai, alifika wakati huohuo kuuliza kwa nini wanawake wawili wanavutana nyuma ya hoteli yake. Hakuwahi kumaliza swali. Mizizi ikatoka kwa mpigo kama soksi kubwa yenye manyoya, wanawake wakaanguka kwa makalio, na maji yakaruka. Hayakutiririka, yaliruka kwa hasira ya siku tatu, yakampata meneja kifuani na kumwosha mpaka viatu.

Kisha Mama Springi akaanza kucheka. Dada wa mapokezi alijizuia, akashindwa, akalala chali kabisa. Meneja alifuta uso, akatazama kidimbwi kinavyojaa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alimpa Mama Springi mkono wa asante uliokuwa ukichuruzika maji. Wakati huo Mama Springi alikuwa tayari ana kwikwi, hakuweza hata kusema karibu.

Kesho yake mwanamume mrefu, mwembamba kama bomba analolitengeneza, alisimama mlangoni pa karakana. Alikuwa Fundi Bomba, na ndiye aliyetakiwa kuitwa hotelini.

"Wewe ndiwe unayejiita fundi wa springi?"

"Sijiiti, kaka yangu. Naitwa. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Chemchemi ya hoteli ile nimeihudumia miaka minane. Jana nasikia imezibuliwa na mshona makochi!"

"Sasa utalaumu nikiwa nimekaa au nikiwa nimesimama? Kaa bwana, unanifunika mwanga."

Akakaa kwa hasira, bila kutazama, juu ya kiti ambacho hakijavalishwa kitambaa. Springi ya katikati haikuwa imefungwa. Fundi Bomba alipanda juu haraka kuliko alivyoshuka, akatoa sauti ambayo bintiye Mama Springi, kule kwenye cherehani, alidhani ni ya mbuzi.

Mama Springi alikufa kwa kicheko. Mgeni alitaka kununa, lakini ni vigumu kununa huku umeshika makalio. Mwisho naye akacheka, na alipocheka alionekana mtu mwingine kabisa, kama nyumba iliyofunguliwa madirisha.

Alipotulia akauona ule waya uliopindwa, umening'inizwa ukutani. Akaushika. "Ulitumia huu? Dada, huu wa kuzibulia mabomba sisi tunauita nyoka. Mimi wangu nimeununua dukani."

"Huo ni springi ya kitanda."

"Wangu pia ni springi, sasa naona. Springi ndefu tu." Akakuna kichwa. "Kwa hiyo springi imezibua springi. Hawa Waingereza maneno yaliwaishia?"

Swali hilo liliwashinda wote wawili. Fundi Bomba alishikilia kwamba maji ndiyo springi ya kweli, na vyuma vimeiba jina. Mama Springi alisema vyuma ndivyo vyenye jina, maji yamedandia. Walibishana mpaka chai ya saa nne ikapoa, na kesho yake Fundi Bomba akapita tena, eti alikuwa na kazi jirani. Keshokutwa pia. Bintiye akachoka.

"Mama, na wewe mjomba, Jumamosi kuna darasa la Kiingereza la watu wazima pale shule ya chekechea. Nendeni mkamuulize mwalimu, mniache nishone."

Wakaenda. Viti vilikuwa vya watoto wa miaka minne. Fundi Bomba alikaa magoti yakigusa masikio. Mwalimu, mama mstaafu aliyefunga miwani yake kwa uzi mweusi, alisikiliza kesi yao mbele ya darasa zima, kisha akafungua kamusi nene iliyopoteza jalada.

"Nyote mna haki," alisema. "Zamani sana neno hili halikuwa maji wala chuma. Lilikuwa kitendo. Kuruka. Kuchomoka ghafla. Maji yakichomoka ardhini, wakayaita hivyo. Kwao kuna majira ya baridi ambapo miti hukauka kama imekufa, halafu siku moja majani yanachomoka matawini. Majira hayo nayo wakayaita spring. Na chuma ukikikandamiza halafu ukakiachia?"

"Kinaruka!" Mama Springi alipiga kelele, akasimama, na kiti cha chekechea kikasimama naye.

Alisikia kizunguzungu cha furaha. Miaka ishirini na saba alikuwa amelishika neno hilo mikononi, akalipaka mafuta, akalifunga kwa kamba, bila kujua kwamba ndani yake kuna maji na majani yanaruka!

Fundi Bomba hakukubali upesi. "Neno moja kazi nne, huo si uvivu, mwalimu?"

"Wewe unasema paa la nyumba. Unasema paa wa porini. Moshi unapaa. Na samaki unampaa magamba. Mvivu nani hapo?"

Darasa likaangua kicheko.

"Ila kuna tofauti," mwalimu aliendelea. "Hao paa wetu ni kama watu wanaofanana majina wakikutana sokoni, hawajuani kwao. Springi hizi ni ndugu wa tumbo moja."

Kuanzia siku hiyo Mama Springi hakukamatika. Wateja walikuja kuulizia kochi, wakaondoka na somo. Alipojifunza kwamba kuku mchanga naye huitwa kuku wa spring, na kwamba mtu mzima huambiwa yeye si kuku huyo tena, yaani umri umekwenda, alimwandikia Fundi Bomba ujumbe saa mbili asubuhi: WEWE SI KUKU WA SPRINGI. Fundi Bomba alikuwa chini ya sinki la watu. Alicheka mpaka akagonga kichwa.

Naye alileta lake Jumamosi iliyofuata, kifua mbele: kwa Kiingereza chombo kikianza kuvuja, husemwa kimerusha mvujo, kwa neno lilelile. "Unaona? Wanajua kazi yangu." Mama Springi alikiri kushindwa, akamnunulia andazi.

Mwezi wa nne, Jumatano, Fundi Bomba alikuja karakanani amevaa shati lililopigwa pasi. Alisimama katikati ya vumbi la sponji, akakohoa, na kusema sentensi ya Kiingereza aliyoikariri siku tatu. Maana yake ilikuwa: wewe ni spring yangu. Cherehani ikanyamaza.

Mama Springi akaweka nyundo chini. Mdomo wake haukukubali kushindwa. "Ipi? Ya maji, ya majani, au ya kochi?"

"Ya kochi," alijibu papo hapo.

"Ya kochi!" binti alilalamika. "Mjomba, sema ya majani basi!"

"Hapana, mwanangu. Chemchemi hukauka, mimi ndiye huitwa. Majira hupita. Ya kochi, kadiri maisha yanavyoikalia, ndivyo inavyoinuka. Mama yako ameinuka peke yake miaka tisa tangu afiwe. Na mimi, tangu marehemu mke wangu aondoke, nilibonyea. Kama ataniruhusu, nataka tuinuke wote."

Mama Springi alitaka kusema neno la heshima, la mtu wa umri wake. Ikatoka kwikwi. Halafu nyingine. Alilia, akacheka, akapigwa na kwikwi vyote kwa pamoja, na bintiye akaleta maji. Alipoweza kuvuta pumzi alisema, "Nimekubali, bwana we, nimekubali, usije ukarudia hicho Kiingereza."

Walifunga ndoa kwa msajili, Ijumaa, saa tano. Mwalimu alikuwa shahidi upande mmoja, dada wa mapokezi upande wa pili, na meneja akatuma keki. Msajili aliuliza kazi ya bwana harusi, na bibi harusi akajibu badala yake, kwa urefu, mpaka msajili akaomba neno moja tu la kuandika.

Siku hizi Fundi Bomba amehamia kwa mkewe na vyombo vyake vyote, na mabomba yamejaa uani. Jumamosi wanakwenda darasani wameshikana mikono. Mama Springi amepandishwa kidato cha pili. Mumewe amebaki cha kwanza, na analalamika kwamba ukuta unamzuia kunakili kwa mkewe. Wiki jana mkewe alitoka darasani ametuna, akamsimamisha palepale uani pa shule, kati ya bembea na rundo la mchanga.

"Unajua msumari na ukucha kwa Kiingereza ni neno moja, nail?"

Fundi Bomba alivua kofia. "Usiniambie."

"Tena ndugu kabisa. Twende, nitakueleza njiani."

Na wakaondoka, yeye akieleza kwa mikono miwili, mumewe akibisha kila hatua, wakasahau kukata kona ya kwao.