Pokeri ya Mama Watoto

Mke wangu alijifunza kucheza pokeri kwa sababu ya mvua. Wakati huo alikuwa sekretari katika ofisi ya bwana mmoja aliyeshughulika na kutoa mizigo bandarini, na mimi nilikuwa na garaji yangu ndogo kule Cibitoke, chini ya mabati manne. Tuliishi Mutakura, mtaa wa jirani: yeye, mimi, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi. Vita vilikuwa havijaisha, lakini watu hawawezi kukaa wameshika pumzi miaka yote. Asubuhi tulienda kazini, mchana tulirudi nyumbani kula, tukaenda tena, na jioni, kabla ya saa za kukatazwa kutembea, kila mtu alikuwa kwake na mlango umefungwa.

Siku hiyo ya mvua, mchana, mke wangu hakuweza kutoka kwenda kupanda basi. Akabaki ofisini peke yake na kompyuta. Patroni wake, yule bwana mwenye ofisi, alikuwa ametia intaneti, ile iliyopita kwenye waya wa simu na kulia kama mbuzi kabla haijakubali, ili apate barua za wateja wake. Mke wangu akabonyeza hapa na pale, akakuta mahali ambapo watu wa nchi mbalimbali walikuwa wamekaa kwenye meza moja, meza ya picha tu, wanacheza karata. Walimpa jetoni za bure, vile viduara vya kuwekea dau, na zikimwishia walimpa zingine. Hapakuwa na pesa ya mtu ndani yake. Mvua ilipokatika hakusikia.

Mimi sikujua lolote. Aliyegundua kwamba kuna kitu ni mama yangu, kwa kuwa ndiye aliyepika.

"Mukwe wangu siku hizi hakuji kula mchana," aliniambia akiwa ameshika sahani iliyofunikwa. "Ni mimba, ao ni kitu gani?"

"Mama, mi sijui. Anasema kazi ni nyingi."

"Kazi ni nyingi, tumbo ni moja. Chukua, umupelekee."

Akafunga sufuria kwenye kitenge: wali, maharage, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Nikaifunga nyuma ya pikipiki, nikashuka mjini. Kabla sijafika mlangoni nikasikia kicheko. Nikasimama. Kile kicheko nilikuwa sijakisikia tangu dada yake akimbilie Tanzania na watoto wake wote. Toka siku ile mke wangu alikuwa anatabasamu tu, kama mtu anayekupa chenji. Sasa alikuwa anacheka kwa sauti, na nilijua hayuko na mtu, maana patroni wake nilikuwa nimepishana naye njiani.

Nikaingia. Amevua viatu, amekunja mguu mmoja kwenye kiti, macho yake kwenye kioo.

"Mama watoto, nimekuletea chakula."

"Usinisemeshe kidogo. Niko na wafalme wawili."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, sufuria mapajani, kama mtu anayesubiri kusainiwa karatasi. Alipomaliza akageuka, akaniona kweli sasa, akaona haya. Halafu akaanza kunieleza huku akila. Kila mtu ana karata zake mbili ambazo wengine hawazioni. Zingine zinawekwa katikati, ni za wote. Unaweza kuwa na karata mbaya ukajifanya unazo nzuri, wenzako wakaogopa wakatupa zao. "Yule pale yuko Canada," alisema akionyesha jina la ajabu kwenye kioo. "Anajifanya simba. Nimemutambua." Aliongea kama binti aliyetoka kutazama harusi. Nilikuwa na wivu kidogo, sitaficha, kwamba mtu wa Canada ndiye aliyemchekesha. Lakini nilirudi Cibitoke nikipiga mluzi.

Toka hapo, siku mbili kwa juma, nilimpelekea chakula. Siku zingine alirudi nyumbani kula na watoto kama zamani. Hatukukaa chini kupanga, ilijipanga. Mama nilimwambia ukweli: mukwe wako anacheza karata na wazungu kwenye kompyuta.

"Kamari?" Mama ni mtu wa Buyenzi, amezaliwa jirani na msikiti.

"Apana, Mama. Hakuna pesa. Ni mchezo mutupu."

"Basi wanagombania nini?"

Mama akatikisa kichwa, lakini aliendelea kufunga sufuria, na ndagala hawakupungua.

Kisha ikaja siku niliyomkuta mke wangu amekaa wima, viatu miguuni, hagusi hata sufuria. Alikuwa ameingia katika mashindano, yale ya bure, watu wengi sana walianza na sasa imebaki meza moja. Alikuwa hajawahi kufika huko. Alinishika mkono akaniambia nisimame nyuma yake, nisiseme kitu, nisikohoe. Nikasimama.

Bomu la kwanza lilisikika kutoka upande wa milima, la pili likafuata karibu zaidi. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Tulitazamana. Milio ilikuwa inatoka kaskazini, na kaskazini ndiko walikokuwa watoto, wamekwisha kurudi shuleni Mutakura. Mke wangu hakuangalia tena karata zake. Alizima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani, akachukua mkoba, na alikuwa amekaa kwenye pikipiki kabla sijaiwasha.

Barabara ilikuwa imejaa watu wanaoshuka mjini na sisi tunapanda. Alinikumbatia kwa nyuma, nikasikia midomo yake inasoma dua mgongoni pangu. Tulipofika shuleni tulimkuta mama yangu getini, kwa miguu yake, amefika kabla yetu. Mtoto wa kiume amembeba mgongoni, mkubwa kweli, miguu inaning'inia; wa kike amemshika mkono. Mguu mmoja wa Mama ulikuwa na kandambili yake, mwingine ulikuwa na ya kwangu.

"Mulikuwa wapi?" alitufokea. "Mi mutu muzima natembea, ninyi muko na pikipiki!"

Mke wangu alimrukia shingoni akalia, na Mama akaendelea kufoka huku akimpapasa mgongo.

Siku zilizofuata hatukutoka. Watu wa Gasenyi, mtaa ulio upande wa milima, walishuka na magodoro kichwani, na kwetu akaja mjomba wangu na mkewe. Nyumba ya vyumba viwili ikawa na watu tisa, maana walikuja na mjukuu wao na mwanamke mmoja jirani yao. Mchana ni mrefu mno mkiwa mmefungiwa. Redio ilisema yaleyale. Watoto walianza kugombana, wakubwa nao wakataka kufuata. Ndipo mke wangu akatoa karata za zamani zilizokuwa kabatini, akaomba maharage kwa Mama, yawe jetoni zetu.

"Kamari haingii mu nyumba yangu."

"Mama, maharage ni yako. Jioni unayapika yote, tunakula wote. Nani atakuwa amepoteza?"

Mama akafikiri sana juu ya hilo, akitafuta kosa. Hakulipata. Akamimina maharage kwenye mkeka, na akakaa pembeni kusimamia haki, hivyo ndivyo alivyosema. Kufika alasiri alikuwa ameomba karata zake.

Alikuwa mchezaji mbaya ajabu. Akipata karata nzuri alisema kwa sauti, "Alhamdulillahi!" na sote tukatupa zetu. Alishangaa kwa nini kila akitaka kushinda watu wanakimbia. Mjomba alishindwa kujizuia.

"Dada, ukishukuru tunajua una kitu."

Mama akamgeukia mdogo wake. "Ni kweli," akasema. "Ni vibaya kumushukuru Mungu kwa vizuri tu."

Kesho yake alisema Alhamdulillahi kwa kila karata. Mbili mbovu, Alhamdulillahi. Wafalme wawili, Alhamdulillahi. Sauti ileile, uso uleule, na hakuwa anadanganya mtu, alishukuru kwa moyo wake wote. Hakuna aliyeweza kumsoma tena. Kabla ya jioni maharage yote yalikuwa mbele yake, na mke wangu amelala chali kwenye mkeka anacheka mpaka machozi, anasema hata wa Canada angekimbia. Jirani wa Gasenyi, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, naye alicheka akifunika mdomo. Usiku tulikula maharage hayo.

Milima ikatulia, watu wakarudi makwao, nasi tukarudi kazini. Lakini haukupita muda mrefu mke wangu akarudi nyumbani ameinamisha kichwa. Patroni alikuwa amemwita. Hakumkaripia, alimwambia kwa upole: "Madamu, wateja wanapiga simu mchana, hawatupati. Wanasema tumehama." Ni ule waya, intaneti ikiwa inatembea, simu haipiti. Mke wangu aliomba msamaha na akaahidi, na alipoahidi kitu alikuwa ameahidi.

Juma zima alikuwa mpole mno. Alirudi kula kila mchana, akafua, akawasimamia watoto masomo. Mimi nilifurahi kumwona mezani, lakini kile kicheko kilikuwa kimerudi kilikotoka. Nani aliyelisema jambo hilo? Mama. Alilisema akichambua mchele, bila kuinua macho.

"We, siku ya Mungu unaenda kutazama mupira, nani anakuuliza?"

"Hakuna, Mama."

"Basi we uko na Jumapili yako, mukwe wangu atakuwa na Jumamosi."

Ikawa hivyo. Mjini kulikuwa na siberi moja, nyumba ya kukodi intaneti, yenye mashine kadhaa na feni moja. Jumamosi baada ya kula mke wangu alivaa vizuri akaenda, na mimi nikabaki na watoto. Nilijifunza mengi. Nilijaribu kusuka nywele za binti yangu. Alijitazama kwenye kioo akaniuliza kwa heshima kama anaweza kuvaa kitambaa mpaka mama yake arudi. Mke wangu aliporudi alinisimulia mchezo wote, karata kwa karata, kama mimi nilivyomsimulia mabao, na kila mmoja wetu alisikiliza ya mwenzake bila kuelewa nusu yake.

Jumamosi moja, vita vikiwa vinaelekea kuisha na watu wakianza kupaka nyumba rangi, aliniambia, "Leo twende wote." Mama akabaki na watoto, pikipiki ikabaki garajini. Siberi walitupa mashine mbili zilizopakana. Akanifungulia, akanipa jina, akaniweka kwenye meza aliyokuwa yeye. Nikajitahidi. Wengine walitoka mmojammoja, mpaka nikapata karata mbili za hovyo kabisa, nikaamua kuwa simba: nikasukuma jetoni zangu zote katikati. Waliobaki wakatupa zao. Mke wangu alinitupia jicho la pembeni tu, bila kugeuza kichwa. Akazifuata, akanifilisi.

"Ulijuaje?" nilimuuliza tukiwa nje, tunaelekea kwenye basi.

"Baba watoto, we ukidanganya unavuta sikio."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja kwetu kuniposa. Ulimwambia baba yangu una gari mbili."

Zilikuwa za wateja. Nilidhani kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejua.

"Na ulikubali hivyohivyo?"

"Nilikuwa nimekwisha kukupenda," akasema, akanishika mkono, na tukakimbilia basi kwa sababu lilikuwa linajaa.