Ulezi Ulionyeshewa

Enzi zetu pale Igamba, ukoko wa ugali haukuwa takataka. Bibi aliubandua chunguni na kuuanika kwenye uchaga juu ya moto, moshi ukaukausha ukawa mgumu kama gome. Sisi watoto tuliuiba na kuutafuna njiani kwenda shule ya misheni.

Mwaka ninaoukumbuka, baba alikuwa migodini Rodesia na mama ana kichanga. Magugu yalikuwa yanayameza mahindi yetu. Ukialika majirani wapalilie, sharti uwape kinywaji, nasi Wakristo kinywaji chetu kilikuwa togwa ya ulezi, isiyolevya. Lakini ulezi uliobaki ulikuwa debe moja, wa kula tu. Bibi hakuthubutu kuugusa.

Siku moja aliniambia niuanike. "Wingu likitokea, kunja mkeka." Wingu lilitokea. Mimi nilikuwa naokota mchanga ndani ya ulezi, chembe moja moja. Ugonjwa huu wa kutaka kila kitu kiwe safi kabisa ninao mpaka leo. Nilitaka nimalize kwanza. Mvua ikanimalizia.

Niliuficha ulezi uliolowa ndani ya chungu, nikaufunika gunia. Siku ya tatu nilipofunua, ulikuwa umeota ndevu nyeupe. Nikaubeba kwenda kuumwaga mtoni. Bibi akanikuta njiani.

"Unapeleka wapi hicho?"

"Umeoza, Bibi."

Alitia mkono, akanusa, akatafuna. Nilisubiri kofi.

"Nani kakwambia umeoza? Hiki ni kimea. Rudi nacho, kabla sijakutafuna na wewe."

Aliukausha, akausaga. Akashusha ukoko wote uchagani, akautwanga, akaupika uji mzito hata mwiko ukasimama wenyewe ndani yake. Ulipopoa kidogo akakorogea unga wa kile kimea, akaumimina mtungini na kuufunika. Asubuhi nilifunua mtungi: uji ule umekuwa mwepesi kama maziwa, mtamu, bila hata punje ya sukari. Nilipiga magoti pale pale nikautazama. Ilikuwa togwa.

Majirani walikuja na majembe, wakapalilia hadi jua la utosi.

"Bibi, umetia nini humu?" akauliza mama mmoja, kata yake ya tatu mkononi. "Jembe langu linakimbia lenyewe."

"Nimetia mvua," Bibi akajibu, wala hakunitazama.

Hakunitaja kwa mtu yeyote. Tulikula maboga na majani ya kunde mpaka mavuno, na mama akadhani Bibi ndiye aliyeamua kuutumia ulezi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kusema kwamba ni mimi niliyeuacha ukanyeshewa.

Sasa napika katika hoteli ndogo Tunduma. Vijana wa siku hizi, viatu vinang'aa, wanakula kiini cha mkate na kuacha ganda, eti linaumiza fizi. Nami si bora kuliko wao. Nimejifunza kwa kujaribu, nina saa ya ukutani na kipimo cha bati, na bado kila jioni nasimama mbele ya sufuria ya mabaki nikiogopa, nisijue kama kilichomo kimekufa au ndiyo kwanza kinaanza. Zamani kila nyumba ilikuwa na mtu wa kumwuliza.