Maktaba Ilimjibu Mama, Karani Naye Akauliza

Juma lililopita nilikuwa Kabambare, mgongo ukiuma kwa safari ya pikipiki kutoka Kasongo, katika ofisi moja ya kuandikisha watoto. Mbele yangu alisimama mama mwenye kichanga mgongoni.

"Baba ya mutoto iko wapi?" karani akamuuliza.

"Iko kwenye machimbo ya dhahabu."

"Basi hatuandiki. Rudi naye."

Mama hakupandisha sauti. Alifungua pindo la kitenge, akatoa simu, akaiweka mezani. Kabla ya kuja alikuwa amepanda kichuguu kutafuta mtandao, akaiuliza maktaba moja inayojibu kwa simu maswali ya watu kuhusu serikali. Ilimjibu, na kumtajia kifungu cha sheria: mama peke yake anaweza kuandikisha.

Karani alisoma jibu, midomo ikichezacheza. Akaandika, akapiga muhuri. Kisha akainama, sauti chini:

"Mama, wanajibu hata sisi watu wa serikali? Mimi natumika hapa miaka, namba ya matrikile, ile ya mutumishi wa serikali, bado sijapewa."

"Uliza tu, papa. Mie hawakuniuliza bwana yangu iko wapi."

Siku zote tunalalamika kwamba serikali haijibu. Kumbe nayo ilikuwa inatafuta wa kumuuliza.