Nilivyotumwa Lafey Kumrudisha Abdi

Niliondoka Masalani kwa sababu ya mke wangu, Habiba. Kijana wetu Abdi anaweka mtandao wa simu ndani ya mgodi wa jasi upande wa Lafey. Jasi ni yale mawe meupe yanayotiwa kwenye saruji. Akishuka shimoni, simu yake haipatikani mpaka jioni, na Habiba alikuwa ameacha kula chakula cha mchana. "Nenda uniletee mtoto," akaniambia. "Ukirudi peke yako, utajipikia." Na mimi najua kupika chai tu, tena wageni huiacha.

Garissa nililala kwa shemeji yangu, akanisimulia habari za figo zake mpaka nikasinzia. Asubuhi nikapanda lori la vitunguu. Dereva, Farah, ni mtu wa Wajir, na mtu wa Wajir akikuambia "hapo mbele tu," beba maji. Wajir tulikula nyama ya ngamia ambayo meno yangu yanaikumbuka mpaka leo. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, Lafey.

Mgodini nilitarajia msimamizi mwenye kitambi. Nikamkuta binti wa Kitui, Mwende, kofia ngumu imekaa juu ya leso. Akanieleza kwamba waya mnene unapita ukutani huko chini, na pale ulipofika, mtu anaongea na anatuma hata picha, upesi kuliko sisi wa juu.

"Sasa wangu mbona hapatikani?"

"Kwa sababu yeye ndiye anayeuvuta, mzee. Waya uko nyuma yake kila siku."

Wallahi, sikupenda. Wenzake wote wanapatikana, aliyewaletea mtandao hayupo. Nikamwambia Mwende leo naondoka naye.

"Leo anamaliza kipande cha mwisho," akasema. "Ngoja hapa kwenye redio, umwambie mwenyewe."

Nikangoja kwa chai, nzuri kuliko yangu. Redio ikakwaruza. "Ofisi, mnanipata?" Abdi huyo. Mwende akanionyesha pa kubonyeza.

Sasa, kwetu mtu hasemi shida yake kabla hajauliza habari zote. "Abdi, warran?" nikamuuliza hali.

"Nabad, aabo, salama tu. Uko wapi?"

"Juu ya kichwa chako. Wenzako wazima?"

"Nabad, adeer," ikajibu sauti nyingine, ikiniita ami kama Abdi anavyoniita baba. Halafu nyingine, na nyingine. Kumbe shimo zima lilikuwa linanisikia. Mmoja akauliza kama mvua imefika Masalani. Nikampa habari ya mvua, ya mto Tana, ya mashua ya kuvukia iliyotoboka, nikaingia kwa mbuzi.

Mwende alikuwa ameshika kichwa. "Mzee, huko chini watu wako kazini."

Basi nikasema. "Abdi, mama yako anataka urudi."

Kisha Abdi akasema, "Aabo, wiki ijayo wanafungua njia mpya. Nikiondoka, hawa wataingia bila mtu wa juu kuwasikia."

"Na wewe utatangulia tena."

"Nitatangulia."

Hakunidanganya, na hilo lilinilainisha. "Basi kila mchana utarudi mpaka mwisho wa waya, mama yako akusikie, ndipo naye ale."

"Sawa, aabo."

"Akisahau tutamburuta, adeer," mmoja akasema, wote wakacheka.

Nilirudi na Farah yuleyule. Nilipofika Masalani, Habiba akatazama nyuma yangu, hakuona mtu. "Jiko lile pale," akasema.

Nilikuwa naosha sufuria simu yake ilipolia. Abdi, kutoka chini ya ardhi. Habiba alimgombeza, akamuuliza kama amekula, akamgombeza tena, na habari ya kurudi nyumbani hakuitaja kabisa. Siku zote hizo nilidhani anamtaka mtoto mlangoni, kumbe anataka akimwita aitikie.

Akaketi, akajipakulia wali aliokuwa ameupika mwenyewe, akala mpaka akashiba. Halafu akalisukuma sinia upande wangu.